Eda Yako Katika Nyumba ya Baridi

Baba Rukia, mume wangu,

Ungekuwapo ungekuwa ushauliza nani kaacha mlango wa ukumbini wazi, joto lote linatoka. Ni mimi. Na taa ya jikoni pia ni mimi. Njoo uizime.

Ulitutoka Desemba, kabla theluji haijaanguka. Sasa ni Machi na mimi bado nimekalia eda yako hapa Barking, kwenye godoro lililotandikwa chini, chumba kile kile tulicholala wawili. Rukia kaniambia, "Mama, kama wataka kusema naye na huwezi, mwandikie." Mtoto wetu amejaa maneno ya Kizungu siku hizi, kila kitu lazima kisemwe, kitolewe moyoni, kisipate kukuozea ndani. Nikamcheka. Lakini kuna jambo limetokea ndani ya eda hii, na dada yako Zuhura ameshalitangaza kwa wanawake wa Kizanzibari wa hapa hadi Stratford, kwa namna anavyopenda yeye lisikike. Basi na mimi naliandika kwa namna lilivyokuwa. Nimemwambia Rukia hata wenzetu wakitaka kuisoma barua hii waisome. Wengi wamo majumbani na waume kama wewe.

Unakikumbuka chumba cha Stratford? Tulifika mwanzoni mwa miaka ya tisini, wewe umeshapita hamsini na mimi nakufuata kwa mbali, Rukia bado msichana wa skuli, meno yanamgongana toka uwanja wa ndege mpaka mlangoni. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na hita ya umeme yenye vyuma viwili vinavyogeuka vyekundu. Tulilala watatu, Rukia ukutani, mimi katikati, wewe pembeni umeng'ang'ania ncha ya blanketi. Nikiweka nyayo zangu baina ya miguu yako, unaruka. "Mama Rukia, wewe umetoka kaburini?" Unasema hivyo, kisha unaibana miguu yangu mpaka ipate moto. Hujapata kunipa zawadi kubwa kuliko hiyo, na nakwambia leo kwa kuwa ulipokuwa hai ungefanya kiburi.

Kisha ikaja ile asubuhi ya moto. Mpangaji wa chini alitundika nguo mbichi juu ya hita yake zikauke, akatoka kwenda kazini. Tuliamshwa na moshi. Ulitutoa mimi na Rukia kwa ngazi ile nyembamba, wewe una msuli na fulana tu, miguu mitupu, na nje barafu imeganda njia nzima. Hakufa mtu. Zimamoto walikuja, wakamwaga maji, wakaondoka. Lakini wewe ulikaa kwenye ukingo wa njia umemshika Rukia mkono na hukumwachia, hata alipolia kuwa unamuumiza. Nilikutazama uso nikajua kuna kitu kimekuingia na hakitatoka.

Toka siku ile hukulala tena na kitu cha moto kimewashwa ndani ya nyumba. Watu walikuita bahili. Dada yako mwenyewe alikuita bahili, tena mbele ya wageni, na wewe ukacheka. Hukuwa bahili. Mtu aliyewahi kuvua koti lake akampa Mkongo mgeni kituoni, kisha akarudi nyumbani kwa shati, si bahili. Ulikuwa unaogopa, na mwanamme wa kwetu kusema naogopa ni kazi, ukaona afadhali waseme bahili.

Tulipopewa nyumba hii ya kaunsili, serikali ya mtaa, hapa Barking kulikuwa na redieta kila chumba, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto. Rukia alikwenda akazikumbatia moja baada ya nyengine. Wewe ukamwachia afurahi kidogo. Kisha ukaweka sheria zako. Boila, ule mtambo wa jikoni unaozitia redieta moto, inawashwa jioni, wewe ukiwa umekaa macho unaisikiliza, na ukianza kusinzia inazimwa. Mchana haiwashwi kabisa. Rukia alipoolewa akahamia Harrow, ulifunga chumba chake, ukafunga na kile cha nyuma, ukaziba chini ya milango kwa taulo kuukuu, tukawa tunaishi baina ya jikoni na chumba cha kulala na makoti mwilini. Nikilalamika, "Mwili ni mazoea, Mama Rukia." Nikilalamika tena, unakwenda kunichemshia chai ya tangawizi. Kwa chai yako nilinyamaza miaka mingi.

Na kile kikadi, jamani. Rukia alikileta baada ya kupewa na mtu kazini kwake, kile wanachogawiwa wazee, unakibandika ukutani na rangi inakwambia chumba kina joto la kutosha au hakina. Buluu ni hatari. Chetu kilikuwa buluu tangu majani yanaanza kuanguka. Basi siku akija Rukia, ukisikia tu hatua zake nje, wewe unakibandua, unakishikilia juu ya mvuke wa birika, unakirudisha ukutani mbio mbio. Anaingia. "Haya, tazama mwenyewe." Naye anatazama, anavua koti, anatetemeka, anavaa koti.

"Baba, this thing is broken."

"Vitu vya kaunsili hivyo, mwanangu." Unatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

Akiondoka tulicheka wawili sisi mpaka tukashika mbavu. Nimekitafuta kikadi kile tangu ufe na sikioni.

Mwaka uliopita baridi ilianza mapema. Niliona vidole vyako vinashindwa na vifungo vya shati, nikakufunga mimi, nikakutania kuwa sasa umekuwa bwana harusi. Nikaona unasinzia kitini mchana kweupe. Ukawa unakokota miguu. Nilisema ni uzee, kwani una miaka mingapi na nani asiyezeeka. Halafu asubuhi ile, baada ya sala ya alfajiri, nikakukuta umekaa kitini umevua koti. Mikono imetulia mapajani, hata haitetemeki. Nikakuuliza mbona umevua. Ukaniambia, "Leo sisikii baridi kabisa."

Nikasema alhamdulillahi. Nikaenda jikoni kukupikia uji.

Niliporudi ulikuwa unanijibu kama mlevi, maneno yanateleza, wewe ambaye hujapata kuonja kitu. Nilimpigia Rukia, Rukia akaita gari la wagonjwa. Wodini kulikuwa na joto la kutoa jasho, nesi anakwenda huku na huku na shati la mikono mifupi. Daktari alimuuliza Rukia nyumba yenu ina joto kiasi gani. Rukia alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Ndipo daktari akatueleza, pole pole, Rukia ananifasiria, kuwa mwili wa mtu mzima ukishachoka kutetemeka huacha, na mwenyewe hudhani baridi imemwondoka. Kumbe ndiyo inammaliza. Hukuondoka pale. Ulikufa ndani ya chumba chenye joto kuliko vyote ulivyopata kulala katika nchi hii.

Nilimkasirikia daktari yule kwa siku nyingi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Hujazikwa sawasawa, dada yako akaingia na mkoba wake na amri zake. Namheshimu, ni wifi yangu mkubwa, na eda ni eda, mimi si mtu wa kuchezea dini. Nililia kwa dhati na nikakaa kwa dhati. Lakini Zuhura aliiongezea eda yako mambo mpaka nikawa sijui lipi la Mungu na lipi lake. Godoro chini, mwenye eda halali kitandani. Nguo nyeupe tu, nazo nilikuwa nazo zile za pamba nyepesi nilizoshonewa nyumbani, za kuvaa kwenye joto. Sweta langu la sufu alilivua mwilini mwangu kwa mkono wake.

"Jekundu hili, wifi, na lina maua. Ni pambo."

"Ni sweta, wifi."

"Lina maua."

Dawa yangu ya kuchua kifua nayo ikaondoka, kwa kuwa inanukia. Mwanamme asiyekuwa maharimu asivuke kizingiti. Sauti yangu pia isimfikie. Na mwenyewe yuko juu ya sofa, kavaa makoti mawili na soksi zako, maana yeye hana eda.

Rukia alikuwa anakuja kila akitoka kazini, anabadilisha treni toka Harrow mpaka huku, na kitu cha kwanza anakwenda kuwasha boila. Akiondoka, nazima. Zuhura hakuniambia nizime, hilo ni langu. Chumba kikipata moto nilikuwa nahisi kama mtu amekuja kukuhamisha. Nyumba ya baridi ndiyo nyumba uliyoniachia, na mimi nilitaka kubaki nayo kama ulivyoiacha. Basi boila ile, iliyozoea kulala miaka yote, leo inaamshwa, kesho inazimwa, mwisho ikafa. Rukia akaleta hita ndogo ya umeme. Akitoka mlangoni tu naichomoa ukutani, kwani nilikuwa nasikia harufu ya moshi na moshi haupo. Nadhani uliniachia na hofu yako pia.

Kaunsili wakaleta fundi. Tulikuwa wawili, mimi na Zuhura. Mlango ukagongwa na Zuhura akaweka kidole mdomoni. Ukagongwa tena. Tundu la barua likafunguka, sauti ya mwanamme ikaingia mpaka chumbani: "Hello? Anyone in? It's about your heating, love." Tulinyamaza kama watoto wezi. Nilimsikia akivuta pumzi, akaandika kitu, akasukuma kikaratasi ndani akenda zake. Zuhura akanipiga begani kwa furaha. Ilikuwa mchana na ndani ya chumba pumzi zetu zinaonekana.

Jioni Rukia alikiokota kile kikaratasi pale mlangoni hata viatu hajavua.

"Fundi kaja, hamkumfungulia?"

"Mamako yumo edani," akasema shangazi yake.

"Shangazi, nimempigia sheikh mimi mwenyewe. Kasema hiyo ni dharura, fundi aingie afanye kazi yake, na kama nyumba haikaliki, Mama aje kwangu."

"Sheikh wa simu huyo. Kamwona mamako?"

"Basi mwone wewe! Mtazame midomo yake ilivyo!"

Sikuwa nimepata kumsikia Rukia akimpandishia sauti mtu mzima. Nilitaka kumkaripia na ulimi ukawa mzito. Akapiga magoti mbele ya godoro, akanishika mikono, akaiweka kwenye mashavu yake, akaitoa haraka.

"Mama. Achana na shangazi. Wewe mwenyewe wataka n'ni?"

"Nataka kumaliza eda ya babako nyumbani kwake."

"Na ukifa?"

"Nikifa nimekufa."

Akakaa chini pale pale kwenye zulia na koti lake na mkoba begani, akalia kwa sauti, kama alivyokuwa akilia udogoni. "Nishazika mmoja," alikuwa anasema. "Nishazika mmoja, Mama." Zuhura akaingia jikoni akajifanya anatafuta sukari. Mimi nilimpapasa kichwa mpaka kilio kikapungua. Akapiga simu tena kwa kaunsili, akauliza kama wanaye fundi mwanamke. Hawanaye. Wakamwahidi mwanamme yule yule atarudi.

Halafu ikaanguka theluji ile iliyosimamisha mabasi ya London nzima. Niliamka nje kweupe na kimya, hakuna gari, hakuna watoto wa skuli. Rukia akapiga simu toka Harrow, treni haziendi, analia, ananihimiza niwashe hita, niingie chini ya mablanketi yote, nimfungulie fundi akija. Nikamwambia ndiyo mwanangu. Zuhura akapiga toka kwake Stratford. "Vumilia wifi, malipo yako makubwa." Nikamwambia ndiyo wifi. Nikarudi kwenye godoro na nguo zangu nyeupe na blanketi moja, kwa sababu la pili lilikuwa lako, na nilikuwa nimelikunja na sitaki kulikunjua.

Nilitetemeka asubuhi ile mpaka taya likaniuma. Godoro lilikuwa linatoa unyevu toka chini. Nilitaka kuinuka nitie udhu nisali dhuha, nikafikiria maji, nikaahirisha. Nikaanza tasbihi, nikawa narudia pale pale, sikumbuki nimefika wapi. Kisha kidogo kidogo mwili ukatulia. Taya likaacha. Nikaona uzuri, nikajinyoosha. Nikalisukuma blanketi kwa mguu. Nikasema moyoni, leo sisikii baridi.

Na hapo, Baba Rukia, nikakuona umekaa kitini umevua koti, unaniambia maneno hayo hayo. Nikamwona daktari mdomo wake unavyokwenda na Rukia ananifasiria. Niliogopa. Sijapata kuogopa namna ile, hata kwenye moshi wa Stratford, maana kule tulikuwa na wewe wa kututoa.

Mlango ukagongwa.

Miguu haikutaka. Nilijaribu kusimama nikaanguka juu ya mto. Basi nilitambaa, mwanamke mtu mzima, mjane wa watu, natambaa kwenye zulia na blanketi nimejitupia kichwani, nimeegemea ukuta wa ukumbi. Tundu la barua likafunguka, "Hello? Heating!", likajifunga. Nikasikia anakusanya vyombo vyake. Nilitaka kupiga kelele na sauti haitoki. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwengine, nikashika komeo kwa viganja viwili, nikavuta.

Mzee wa Kizungu, mnene, nyusi nyeupe, theluji mabegani. Gari lake lilishindwa kuingia mtaa wetu, amekuja kwa miguu na mkoba wa vyuma. Alinitazama pale chini, akasema "Oh, sweetheart," kwa sauti ndogo. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti na theluji inamwangukia, akaniuliza kama anaweza kuingia. Sijui alijuaje kuuliza. Na mimi, ambaye sauti yangu haitakiwi ifike nje, nikamwambia kwa Kiingereza nilicho nacho, "Come. Cold. Please come."

Akanivika koti lake. Linanuka tumbaku na mafuta ya mashine. Akaniinua kwa lile koti, mkono wake haukugusa mwili wangu, akanikalisha kiti cha jikoni. Nikageuza kiti nikaelekea ukutani. Usicheke. Nilimpa mgongo nikajifunika blanketi mpaka machoni, nikakaa hivyo na fundi nyuma yangu anagonga vyuma na kupiga mluzi, na boila imo futi chache toka sikioni mwangu. Aliniwekea chai mezani kwa pembeni, ya maziwa baridi na sukari nyingi, chai mbaya kabisa. Niliinywa yote. Baadaye mabomba yakaanza kugonga ndani ya kuta, nyumba nzima ikawa inalia, na kutetemeka kukanirudia, kubaya kuliko mwanzo, nikajua kuwa kutetemeka ni kheri. Hakuondoka mpaka redieta zote zimeshika moto. Alimpigia Rukia simu kwa namba iliyobandikwa ukutani, akamweleza, akanipa simu niseme naye.

Siku ya pili treni zikaanza, Rukia akafika akanipeleka kwa daktari, nikarudi na dawa na amri mpya: nisikae chini, nile cha moto, nivae nguo juu ya nguo, boila isizimwe. Sweta langu likarudi mwilini na maua yake.

Zuhura alikuja njia zilipofunguka. Alisimama ukumbini, akahisi lile joto, akavua koti la kwanza, akavua la pili.

"Fundi kaingia."

"Kaingia."

"Ukasema naye?"

"Nikasema naye. Nikavaa na koti lake."

"Basi eda ya ndugu yangu umeivunja."

Nilimwambia, "Wifi, ningekufa." Akasema ajali haimpiti mtu, siku yake ikifika imefika. Akavaa makoti yake akatoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Ananisema, na wapo wanaomwitikia. Mwanamke mmoja niliyemhudumia mimi mwenyewe kwenye eda yake, nikampikia, nikamfulia, hapokei simu yangu. Inaniuma. Nakwambia wewe kwa kuwa kwa wengine nasema sijali. Hata hivyo nimemtuma Rukia akaitazame nyumba ya Zuhura huko Stratford, maana naye ni mzee, yuko peke yake, na ni dada yako, hawezi kukosa ujinga wako. Kamkuta na hita moja, tena imezimwa. Rukia anapita kwake sasa akitoka kwangu. Wakigombana wanagombana kwenye joto.

Kwa wenzangu watakaoisoma barua hii nasema hili tu, kisha namrudia mume wangu. Mzee wako akikaa ndani ya nyumba ya baridi akaacha kutetemeka, akakwambia leo yuko mzima hasikii kitu, usishukuru. Mfunike, mpe cha moto, ita watu, hata kama uko edani, hata kama watu hao ni wanaume na wana viatu vya matope.

Sasa niko hapa, Baba Rukia. Nimezitoa taulo chini ya milango. Nimefungua chumba cha nyuma, kuta zimefanya weusi wa unyevu mpaka darini, Rukia anazisugua kila akija. Redieta zimewashwa toka asubuhi. Natembea nyumba nzima kwa nguo nyepesi na sijui nifanye nini na mikono yangu. Jana nilikaa kwenye kiti chako nikahisi joto linanipanda mgongoni, zuri, la bure tu, limekaa ndani ya ukuta miaka yote linatungoja, na nikakasirika nawe kiasi cha kutaka kukivunja kile kiti. Tungekaa hivi, wewe mwanamme! Mimi na wewe, tumevua soksi, tunagombana juu ya habari za redioni. Ungekuwapo mpaka leo. Nimekulilia kwa huzuni tangu Desemba, na sasa nakulilia kwa hasira, na hasira ina machozi mengi zaidi.

Kuna jambo moja sijamwambia Rukia wala Zuhura kwa mdomo. Asubuhi ile ya theluji, pale kwenye godoro, baridi iliponiacha, wewe ulikuwa jikoni. Nilikusikia. Uliniita kwa sauti yako ile ya kutaka ukaliwe karibu: "Mama Rukia, hebu njoo." Nikakuitika labeka, kama nilivyokuitika maisha yangu yote. Tangu ufe nilikuwa namwomba Mungu kila sala anifikishe ulipo, na haya, umekuja kunichukua mwenyewe. Ndipo mlango ukagongwa. Wewe uko huku na mlango uko kule. Ukaniita tena.

Sikukuitika. Nikaenda kumfungulia fundi.

Sijui kama umenikasirikia. Tutaulizana tukikutana, na mimi sina haraka.

Mkeo, ambaye bado yumo edani,

Mama Rukia